Chumba Chako Kimefagiwa

Misi Berta alipopanda treni kwenda likizo kwao Uskoti, sisi watu wa Nazla tulimsindikiza kama mtu anayekwenda ugenini. Alikuwa ameishi nasi miaka ishirini na tatu. Alikula mkate wetu wa jua kwa mkono, alijua nyumba ipi ina matanga na ipi ina mzazi, na mchinjaji akijaribu kumbambikia mifupa alimsema mpaka watu wakatoka madukani kuja kusikiliza. Huko kwao alibakiwa na dada mmoja tu, Hesta, ambaye picha yake ilikaa juu ya kabati la vitabu ikipauka mwaka hadi mwaka.

Alikuja Misri ya Juu akiwa na miaka ishirini na sita, ametumwa na misheni kufundisha wasichana kusoma, kuandika na kushona. Hakuolewa, na wanawake wa mji walimpa pole kwa hilo waziwazi, usoni, kila sikukuu. Alikuwa mrefu, mkavu, mwenye miguu mikubwa, na hakuwa mtu wa kukumbatia watoto. Alituita kwa majina yetu na ya baba zetu. Kulikuwa na mwalimu mwingine wa kigeni aliyetuita "wanangu" kutwa nzima, na huyo aliondoka baada ya miaka miwili. Misi Berta alisema, "Mna mama zenu," akabaki.

Mimi sikuwa na mama. Naitwa Wadida. Baba aliniingiza bwenini nikiwa na miaka saba, wiki chache baada ya mazishi, na sikutoka tena: nikawa mwanafunzi, kisha msaidizi, kisha mwalimu wa Kiarabu. Wasichana huniita Abla Wadida kwa heshima mbele yangu na Pilipili nyuma yangu, wakidhani sisikii. Miaka ishirini nilingoja kusikia neno moja kutoka kwa Misi Berta, na nilijua fika kwamba halimo katika tabia yake.

Aliyethubutu kumgombeza alikuwa mmoja tu, Mama Gaid, mpishi wa bweni. Mwaka wa pili wa Misi Berta hapa, alipougua homa ya matumbo na daktari akakata tamaa, Mama Gaid alihamia chumbani kwake na kumlisha maji ya mchele kwa kijiko siku kumi na saba. Tangu siku hiyo alijiona ana haki juu ya maisha yake. Aliamua avae viatu gani, ajibu barua za wakuu wake kwa hasira au kwa upole, na apokee wageni wepi.

"Wewe mwanamke, kichwa kimekujaa vitabu hakina nafasi ya chumvi," alimwambia jikoni. "Umeitia mara mbili. Toka hapa, nenda kafundishe."

"Na wewe njoo nikufundishe kusoma."

"Nikijua kusoma utanipa kazi ya pili, na ya kwanza haijaisha."

Basi hakujifunza. Misi Berta alipokwenda likizo, mimi ndiye niliyekuwa mwandishi wa Mama Gaid. Alikaa kwenye kigoda akichambua mlenda, akisema, nami nikaandika. Mwisho alichovya dole gumba katika wino na kulibandika chini ya karatasi. Dole lile lilikuwa na kovu lililokatiza katikati, la kisu cha mlenda, kwa hiyo alama yake ilitoka vipande viwili. "Hiyo ndiyo sahihi yangu," alisema. "Hata waziri hana kama hiyo."

Likizo ilikuwa ya mwaka mmoja. Katikati yake, katika mwezi wetu wa Tuba wenye baridi ya kukata mifupa, ikaja barua ndefu. Dada yake Hesta alikuwa amepigwa na kiharusi, upande wa kushoto umelala, na anaishi peke yake ghorofani. Alikuwa amemwomba Misi Berta asirudi Misri. Misheni ilikuwa tayari kumwachia. "Sijui nifanye nini," aliandika. "Nimeomba hadi magoti yameniuma na sijasikia jibu. Mama Gaid, wewe hujawahi kunificha kitu. Niambie, nikae au nirudi? Nitafanya utakavyosema."

Nilimsomea Mama Gaid akiwa kitandani, kifua kimembana. Alinisikiliza, kisha akasema jibu lake, nami nikaliandika. Alimwambia akae na dada yake. Akabandika dole. Siku ya nne akafariki, na ile barua ilikuwa bado mfukoni mwangu.

Sasa nieleze jambo ambalo kwetu halihitaji maelezo. Mtu aliye mbali hapelekewi habari ya kifo. Yuko peke yake huko, hana wa kulia naye, atafanya nini na msiba mkononi? Tunamngoja arudi, tumpe habari akiwa amezungukwa na watu. Kila nyumba ya Nazla ina mtu Alexandria au ng'ambo anayewatumia salamu marehemu wake. Kwa hiyo siku ya arobaini, tulipokuwa tunakunywa kahawa chungu nyumbani kwa mwanawe Gaid, mchungaji, mkewe, Ami Bishara bawabu na walimu wote tulikubaliana kwa neno moja kwamba Misi Berta asiambiwe. Hilo silijutii peke yangu, maana ni letu sote.

Lakini lililofuata ni langu. Naibu aliyeshika nafasi ya Misi Berta alikuwa anazungumzia kufunga bweni. Mama Gaid hayupo. Nilikaa katika chumba changu nikaona Misi Berta naye anabaki kwao, na mimi nimeachwa yatima mara ya tatu. Hakuna aliyenilazimisha. Nilichukua karatasi safi, nikaandika kwa maneno ya Mama Gaid, na mimi maneno yake nilikuwa nayo kichwani yote: "Utakaa huko mpaka lini? Dada yako ana majirani, na Wazungu wana mahospitali. Wasichana wako wanaharibika. Rudi. Chumba chako kimefagiwa." Nikachovya dole langu mwenyewe. Niliandika tena wakati wa Pasaka, na mara ya tatu kiangazi kilipoingia.

Alirudi Septemba, wiki ya Mwaka Mpya wa kalenda yetu, mto umefurika na soko limejaa tende nyekundu na mapera. Alikuwa amekonda. Aliposhuka kwenye behewa wasichana wakampigia vigelegele, naye akawa anatazama juu ya vichwa vyao.

"Mama Gaid yuko wapi?"

Ami Bishara alikohoa. "Amechoka kidogo, Misi. Amekwenda kupumzika kwa mwanawe."

Tulikuwa tumepanga hivyo. Stesheni amechoka, getini amechoka sana, na mezani mke wa mchungaji ndiye angesema lililobaki. Lakini Misi Berta hakuwa mgeni.

"Ami Bishara," alisema, "usinipandishe ngazi moja moja kama mgonjwa. Mimi mwenyewe nimeshampandisha nani na nani humu mjini. Amekufa?"

Mzee akavua kilemba chake. "Mungu akupe umri mrefu, Misi."

"Lini?"

Watu wote wakanitazama mimi, kwa sababu mimi ndiye niliyekuwa karibu na Mama Gaid. Nikasema, "Kiangazi hiki." Sijui ilitoka wapi, au najua. Wengine wakainamisha macho. Walidhani nampunguzia uchungu, asijue kwamba alikaa miezi minane akicheka na kula bila kujua. Hakuna aliyejua kuhusu zile barua.

Jioni hiyo hiyo, kabla hajafungua sanduku, alivaa nguo nyeusi akaenda kwa Gaid kutoa rambirambi. Mimi nilikuwa nimemtangulia.

"Kaka Gaid, akikuuliza, sema ni kiangazi."

Gaid ni mkulima, si mtu wa maneno mengi. Aliuliza, "Kwa nini?"

"Ataumia."

"Nitakuheshimu kwa kuwa ulikuwa unamwandikia mama. Lakini Tuba tunamfanyia kumbukumbu ya mwaka, na mwaka siwezi kuusogeza, Abla."

Basi nikawa na miezi minne.

Misi Berta alirudi kazini siku ya pili, lakini kurudi kwenyewe hakukuwa rahisi. Miguu ilimvimba kwa joto. Panya walikuwa wamekula vitabu vya nyimbo. Alisahau maneno ya kawaida, akasimama darasani na kidole hewani akitafuta jina la sindano, wasichana wakicheka kwa mikono midomoni. Aliingia jikoni kila asubuhi, akamwona mpishi mpya, akatoka. Siku moja nilimkuta ameketi kwenye kile kigoda, magoti karibu na kidevu, anachambua mlenda.

"Unaharibu," nikamwambia. "Unatupa majani, unabakiza vijiti."

"Nisaidie basi badala ya kunisimamia."

Nikakaa chini. Hapo ndipo aliponiambia kwa mara ya kwanza habari za Hesta. Alikuwa amempata mama mmoja wa kumpikia mchana. Usiku dada alikuwa peke yake.

"Siku niliyoondoka hakulia," alisema. "Alinigeuzia uso ukutani. Nilisimama mlangoni na barua ya Mama Gaid katika mkoba, Wadida. Ile ya chumba kimefagiwa. Bila ile barua mkono wangu usingefungua mlango."

Nilitaka kusema. Naapa nilitaka. Badala yake nikamwonyesha jinsi ya kushika kisu.

Nilijiahidi nitasema baada ya mavuno ya tende, kisha baada ya ukaguzi wa shule, kisha mtoto fulani akaugua surua na nikashukuru kwa surua. Ninafundisha watoto wasiahirishe kazi.

Mwezi wa Hatur, watu wakipanda ngano, Ustadhi Labib wa posta alikuja getini mwenyewe, saa nane mchana, na simu ya maandishi ndani ya tarbushi lake. Hakumwita Misi Berta. Aliniita mimi na Ami Bishara.

"Imeandikwa kizungu," alinong'ona, "lakini neno hili hapa nalijua. Limeshapita mezani kwangu mara nyingi."

Nikaisoma. Hesta amefariki Jumapili. Amezikwa. Barua inafuata.

"Hawa watu hawana huruma," Ami Bishara alisema. "Maneno sita! Hata mbuzi haagwi hivi. Sikilizeni, tumwambie kwanza dada anaumwa. Wiki ijayo anaumwa sana."

"Baada ya mitihani ndiyo tumwambie kamili," alisema Ustadhi Labib. "Mimi naweza kusema laini ilikatika."

Walikuwa wamepanga tayari, na walinitazama kama walivyonitazama stesheni, wakingoja nitaje tarehe. Nikaona wema wao wote, na nikaona nilivyoutumia. Nikaikunja ile karatasi nikapanda ngazi.

Misi Berta alikuwa juu ya dari na mkate wa jua. Kazi hiyo alikuwa ameitaka mwenyewe tangu arudi: matonge ya unga yanapangwa juu ya visahani vya udongo, yanaachwa juani yaumuke, na mtu anakaa karibu na kufukuza ndege. Alikuwa amevaa kofia ya majani, unga hadi kwenye viwiko. Nikampa simu mkononi, sikusema amechoka. Aliisoma mara moja. Karatasi ikapata alama za unga.

"Jumapili," alisema. "Jumapili yule mama wa kupika haji."

Akakaa juu ya ukingo wa dari. Nilijua nikinyamaza tena hapo, sitasema maisha yangu yote.

"Misi, Mama Gaid alikufa mwezi wa Tuba."

"Tuba ipi?"

"Iliyopita."

Akaanza kuhesabu miezi kwa vidole, polepole, kama wanafunzi wa darasa la kwanza. Akafika Pasaka, kidole kikasimama.

"Nina barua yake ya Pasaka."

"Ni yangu."

"Ina dole."

Nikanyoosha mkono wangu, dole gumba juu. Alilishika, akalitazama, akalipitisha lake juu yake kutafuta kovu. Halikuwapo. Tangu nimfahamu hakuwahi kunishika mkono kwa muda mrefu hivyo, na nilitamani dari ipasuke niingie.

"Na ile ya kwanza?" aliuliza. "Ya chumba?"

"Na hiyo. Alikuwa ameshazikwa. Yeye aliandikisha nyingine, mimi sikuipeleka posta. Ninayo."

Nilingoja anipige, au anifukuze. Aliangalia matonge.

"Mkate utaumuka kupita kiasi," alisema. "Shika upande huo."

Tukabeba visahani, tukashuka navyo mpaka tanurini, tukaoka mikate yote thelathini na sita. Mpishi mpya alitutazama akaona afadhali atoke. Wa mwisho ulipotoka, Misi Berta alinawa, akakaa kwenye kigoda, akasema, "Lete."

Nikaenda sandukuni kwangu nikaileta. Nikampa, akairudisha mkononi mwangu.

"Nisomee. Yeye alisema, wewe ukaandika. Nataka kuisikia kwako."

Nikasoma. Sauti haikuwa yangu.

"Berta, umeuliza, nami nakujibu. Kaa na dada yako. Mimi nina Gaid na wajukuu wanaonikanyaga kitandani, yeye ana nani? Hao wasichana wana Mungu, na wana Wadida, anawapigia kelele vizuri tu. Usimsikilize mtu atakayekwambia rudi, hata mimi nikibadili maneno kesho kwa homa. Mfumbe macho dada yako kwa mkono wako, kisha uje. Chumba hakina miguu. Ukinikuta, vyema. Usiponikuta, mwambie Wadida akupikie, ingawa hajui. Na umwangalie huyo mtoto. Ana ulimi mkali kwa sababu hakuna anayemsikiliza."

Chini lilikuwapo dole, vipande viwili.

Misi Berta alilia mbele yangu, bila kujificha, na mimi sikuthubutu kumgusa. Baadaye alichukua barua, akaenda chumbani kwake, akafunga mlango. Wanawake wa mji walikuja na nguo nyeusi kwa ajili ya Hesta, wakanywa kahawa chungu siku tatu, nami nilizungusha vikombe. Mimi aliniambia tu yaliyohusu kazi. Naweza kusema ilikuwa haki yake, lakini nisidanganye, iliniuma kuliko kufukuzwa.

Tuba ikafika. Siku ya kumbukumbu tulikwenda makaburini na vikapu vya mikate na tende za kuwagawia watu. Tulikaa chini, Misi Berta kati ya shangazi zake Gaid, mimi na kikapu. Shangazi mmoja, mkongwe kutoka ng'ambo ya mto, hakuwa amesikia msiba wa Uskoti. Alipoambiwa, alimpapasa goti na kumuuliza wanachoulizana wanawake wote penye kaburi.

"Pole, binti yangu. Ulimfumba macho wewe?"

"Hapana," alisema Misi Berta. "Nilikuwa huku."

"Dada yako mgonjwa, nawe uko huku? Kulikuwa na nini?"

"Niliitwa."

"Na nani?"

Mkono wangu ulikuwa ndani ya kikapu, na sikuweza kuutoa. Nilijua angelitaja jina langu, na kwamba lingefaa litajwe.

"Na mwanangu," alisema Misi Berta.

Wanawake wakatazamana. Wote walijua hana mtoto. Mmoja akadhani Kiarabu chake kimemponyoka tena, akataka kumsahihisha, akaacha. Misi Berta hakunitazama. Neno nililolingoja tangu nina miaka saba lilikuwa limetamkwa, mbele za watu, kwa sauti ya kawaida, na singeweza kuitika.

Mkongwe akanyoosha mkono. Nikampa mkate, nikampa na tende, nikaendelea na wa pembeni yake.